Wimbo wa Jembe kwa Farasi Mwoga

Vijana wa kikosi cha mbwa mmenisumbua niandike. Mnasema mzee ameondoka kazini na mambo yote yamo kichwani mwake. Mzee ni nani? Nywele zangu bado nyeusi, na anayebisha aje kwangu tushindane kumwangusha ndama dume. Lakini haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa mguu mmoja, maana wa pili ulikuwa machungani na ng'ombe wa baba. Vyeo na mishahara sitagusa. Mwenye hamu nayo aende ofisi ya utumishi akaulize. Mbwa nao mnawajua, niliwafundisha mimi, wao na ninyi. Nitaandika habari za farasi, kwa sababu hakuna mmoja wenu aliyewaona, na banda lao siku hizi mnawekea matairi mabovu.

Niliajiriwa miaka ya sitini. Wakati ule mgodi wetu wa almasi ulikuwa na askari wa farasi wa kuzunguka senyenge. Msicheke. Masika ikishika, udongo mweusi wa mbuga humeza gari hadi milango, na Landrova ikinasa, mwizi anakuja kukusaidia kuisukuma kwa heshima zote, kisha anarudi kuchimba. Farasi hanasi. Siku ya kwanza tulipangwa mstari mbele ya mkuu wa ulinzi, mtu wa Bukoba aliyewahi kuwa sajini wa polisi, na jina hilo la Sajini halikumtoka tena. Akauliza, "Nani kati yenu anajua wanyama?" Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo.

"Unajua farasi?"

"Afande, mimi ni Msukuma."

"Nimekuuliza farasi."

"Afande, mnyama ni mnyama."

Neno hilo lilinigharimu ubavu.

Bandani nilimkuta Mzee Chiwanga, Mgogo aliyewatunza farasi wa walowezi tangu ujana wake. Kazi hiyo wakubwa waliiita usaisi, yeye aliiita "kulea watoto wa watu". Mgogo na Msukuma ni watani, kwa hiyo kabla hata hajaniambia jina lake alishaniambia kwamba nina kichwa kama mtungi wa pombe. Farasi wengine walikuwa wapole, wamezeeka. Mmoja alikuwa jike, rangi ya udongo wa kichuguu, ana doa jeupe juu ya pua. Jina lake la kizungu lilitushinda, tukamwita Wasiwasi. Mnyama yule kivuli chake mwenyewe kilimkimbiza.

Nikamwendea kama tunavyoingia zizini kwetu. Nilimjia kwa nyuma, fimbo mabegani, mikono nimeining'iniza juu yake, napiga ule mluzi tunaowapigia ng'ombe lamboni ili wanywe maji vizuri. Nilipomfikia nikampiga kofi la mapenzi kwenye paja. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa ndani ya pipa la pumba, ubavu unawaka moto.

Mzee Chiwanga hakukimbia kunisaidia. Alikuja polepole, akanitazama vizuri. "Mtani, ninyi Wasukuma kila chenye miguu minne kwenu ni ng'ombe. Iko siku mtakamua meza."

"Na ninyi Wagogo," nikamjibu nikiwa bado ndani ya pipa, "kila penye moshi mnajua mmealikwa."

"Afadhali aliyejialika kuliko aliyefukuzwa kwa teke. Toka humo, unawakalia watu chakula chao."

Basi nikaanza kujifunza upya, mimi niliyedhani nimezaliwa najua. Ng'ombe unamchunga ukiwa nyuma, lakini farasi unamjia ubavuni, karibu na bega, aone uso wako na mikono yako. Unasema kitu kabla hujamgusa, hata ukisema upuuzi. Fimbo unaiacha nje ya mlango. Humkazii macho kama mtu unayemdai. Unaweka chumvi kiganjani, unakaa chini, unangoja. Nilikaa na chumvi mpaka mkono ukafa ganzi na sisimizi wakanizoea kabla ya farasi. Kijiti cha kuchokolea kwato nilikitengeneza mwenyewe kwa msumari wa reli, na burashi kwa katani, maana burashi ya dukani ilikuwa na sauti asiyoipenda. Nawaambia, mlowezi yeyote angeona burashi ile angeomba yake.

Pamba ilipoanza kupasuka mashambani, asubuhi moja nimeinama kuosha ndoo, nikasikia kitu cha moto kimewekwa shingoni mwangu. Ilikuwa pua yake. Sikugeuka. Pumzi ya farasi ina joto na ina harufu ya nyasi zilizolala juani. Nimelaza watoto shingoni, nimebeba mbuzi wachanga wakati wa mvua, lakini kitu kama kile sijakipata tena, na mara nyingine nikiinama kuosha ndoo nyumbani kwangu shingo hii inasubiri.

Tangu siku hiyo harufu ya bandani ilihamia nyumbani. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa ananipokea mlangoni kwa swali moja.

"Mke mwenzangu ameamkaje?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Mwambie nimeipata salamu. Na shati hilo akalifue yeye."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo chumvi haikuliponya. Mgodini, kila mara kabla ya kupiga baruti, king'ora kililia, kisha kimya, kisha mlipuko. Wasiwasi akisikia king'ora alikuwa mnyama mwingine. Alitetemeka mwili mzima, akazunguka, na mlipuko ukipiga alimtupa aliyempanda akakimbia mpaka ashikwe na senyenge. Wapanda farasi waliokuwa na uzoefu walimkataa mmoja baada ya mwingine. Bwana mifugo akaja kumwona, akamwambia Sajini mbele yetu kwamba farasi asiyepandika ni hatari kwa watu. Afundishwe kabla ya mvua, au apigwe risasi.

"Nani atamfundisha?" Sajini akauliza.

Mnajua mkono wa nani ulinyooka.

Nilimpanda, akanitupa. Nikampanda tena. Nilimziba masikio kwa pamba ya Shinyanga, pamba bora kuliko zote nchini, akanitupa vilevile. Kila nilipoanguka Mzee Chiwanga alikuwa ananipigia makofi taratibu, kama mtu aliyeko harusini. Mwisho akachoka kucheka. Siku moja akaniambia nimpande bila tandiko, yeye asimame pembeni ameweka kiganja chake juu ya paja langu. Tukasubiri. King'ora kikalia.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, "nani anatetemeka hapa?"

"Farasi."

"Farasi bado. Anayetetemeka ni wewe. Na hupumui."

Nikataka kumtukana, lakini kutukana kunataka pumzi, na kweli sikuwa nayo. Kufumba na kufumbua nilikuwa chini. Kesho yake nikaangalia watu, na ndipo nikaona jambo ambalo nililiishi bila kuliona. King'ora kikilia, kila mtu alinyamaza. Wenye sululu walisimama. Wanawake wa Maganzo, kijiji cha jirani, waliokuwa wanatwanga waliacha mchi hewani. Watu wote walishika pumzi mpaka baruti ipige, kisha ndipo mchi ushuke. Sasa jiweke katika ngozi ya farasi. Dunia nzima imenyamaza ghafla, na huyo aliye mgongoni mwako, unayemwamini, amekubana kwa mapaja na pumzi yake imekatika. Wewe utafikiri nini? Utafikiri simba yuko nyuma ya kichaka, na kila mtu amemwona isipokuwa wewe.

Kumbe mnyama yule hakuogopa baruti. Aliogopa hofu yetu.

Kujua ni jambo moja. Nilijaribu kupumua kwa makusudi nikashindwa. Ukiamrisha pumzi inagoma kama punda. Ukombozi ulikuja siku nikifagia banda. Ninyi hamkunijua wakati huo. Kijijini kwetu nilikuwa mwimbishaji wa bugobogobo, ile ngoma ya kulimia, ambapo kundi zima linashusha majembe kwa mpigo mmoja na mwimbishaji yuko mbele anawatia watu nguvu kwa nyimbo. Nikiwa mbele, kundi lilikuwa linamaliza shamba kabla mwenye shamba hajamaliza kuchinja mbuzi. Basi nafagia, naimba wimbo wangu mwenyewe wa kumcheka mvivu aliyefika shambani na mpini, jembe amelisahau kitandani. King'ora kikalia, sikukisikia vizuri, ufagio unakwenda, wimbo unakwenda. Baruti ikapiga. Nikageuka kwa hofu. Wasiwasi alikuwa anatafuna. Sikio moja lilikuwa kwangu, jingine kwenye majani yake.

Mtu hawezi kuimba bila kupumua. Jembe likishuka pumzi inatoka, likipanda inaingia, na farasi alikuwa anaisikia kwa mbavu zangu.

Tangu hapo nikawa napanda naimba. King'ora, wimbo. Baruti, wimbo. Alitembea kama bibi harusi. Tukazunguka senyenge yote, mimi na yeye, asubuhi yenye umande na magharibi yenye vumbi jekundu, na sioni haya kusema kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile kazini. Nyie mna redio za upepo. Mimi nilikuwa na masikio mawili mbele yangu, yanageuka kunisikiliza.

Mnaona tatizo lakini. Sajini aliliona mapema kuliko mimi.

Jumamosi moja niko gulioni Maganzo na Mama Kulwa, kijana mmoja mchimbaji wa wizi, ambaye sikuwahi kumkamata, akaniamkia kwa adabu. "Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba."

"Jana uliruka ubeti wa tatu. Je, ni mafua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Usiache kupita, baba. Ukichelewa tunapata shaka kwamba unaumwa, hata sululu hazishiki mkononi." Mama Kulwa alicheka mpaka akakalia nyanya za watu.

Habari ilifika kwa Sajini kabla ya Jumatatu. Akaniita. "Wenzako wa upande wa pili wamekamata watu. Wewe umekamata nini?"

"Afande, upande wangu hawaibi. Wakinisikia wanakimbia."

"Wakikusikia wanakaa chini, ukipita wanaendelea! Umeona wapi paka anayejifunga kengele mwenyewe? Nyamaza kazini."

"Nikinyamaza, afande, farasi—"

"Basi nionyeshe."

Tukaenda wote. Nikapanda, nikafunga mdomo. Niliimba moyoni, nikahesabu majembe kichwani, nikapumua kwa pua kama chura. King'ora kikalia. Nilimsikia chini yangu akinitafuta, masikio yanarudi nyuma kuniuliza, na mimi simjibu. Baruti ilipopiga niliruka juu ya senyenge peke yangu, farasi alibaki upande wa pili.

Sajini hakuwa mtu mbaya. Alinipa mkono nikainuka. Kisha akasema kwamba mlinzi wa kuimba hamtaki na farasi wa kuimbiwa hamtaki, na neno la bwana mifugo bado lipo. Kuna shamba moja upande wa Arusha lililotaka farasi jike. Lingemtuma mtu wake na lori. Kama farasi atamkubali mtu huyo na kupanda lori, aende zake. Akigoma, lori lirudi tupu, na bunduki imalize.

Kwenda naye sikuulizwa. Shamba lilikuwa na watu wake.

Aliyekuja aliitwa Elirehema, Mmeru, mrefu, mkimya, mtu wa kusema "ndiyo" kisha anapumzika. Farasi aliwajua vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alimjia Wasiwasi begani, akangoja, akapewa pua. Lakini king'ora kilipolia mara ya kwanza alifanya kama sisi wote, akanyamaza, na kamba ikamchuna ngozi ya viganja. Nikamwambia lazima aimbe. Akaangalia viatu vyake.

"Mimi huwa naimba kwaya tu, kaka. Sauti ya tatu. Nyuma."

"Imba hiyohiyo."

Akaimba wimbo wa kanisani. Ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa mrefu na wa polepole. Mtu alivuta noti moja mpaka pumzi ikaisha, na farasi akaanza kuzunguka. Nikamfundisha wa kwangu wa jembe. Maneno ya Kisukuma aliyavunja kama karanga. Hayo yalisameheka; farasi hakuwa Msukuma pia. Kilichokosekana ni mpigo. Aliimba kwa mdomo, mwili umesimama kama nguzo ya simu.

"Huyu," Mzee Chiwanga akasema, "hajawahi kulima na watu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwao kila mtu na mgomba wake. Nikamshika mkono nikampeleka kwa wakwe zangu, ambako mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka na kundi limeitwa shambani. Nikamtia katikati ya mstari, ngoma nyuma yake, jembe mkononi. Akachelewa kila mpigo. Jembe lake lilipanda ya wenzake yakishuka, na wanawake waliokuwa wanaleta maji wakamwuliza kama anapunga ndege. Shangazi wa mke wangu akamtolea ushuhuda kwamba kanda hii ya ziwa haijawahi kuona mwanamume anayelima angani. Elirehema akacheka, na nadhani hapo ndipo alipofunguka. Kufikia saa ya ugali viganja vilikuwa vimetoka malengelenge juu ya yale majeraha ya kamba, lakini kifua kilikuwa kinakwenda: jembe chini, pumzi nje. Alikuwa haimbi tena. Wimbo ulikuwa unamwimba yeye. Nikasimama pembeni nimeegemea mpini. Nilijisifu moyoni, kwa sababu hakuna mwingine angeweza kumpika mtu hivyo, na wakati huohuo nikahisi kama mtu anayemfundisha mwanamume mwingine njia ya kwenda nyumbani kwake.

Siku ya kupakia, Sajini alisema ifanyike saa ya baruti. Kama ni kugoma, agome hapa, asije akavunja lori njiani. Ilikuwa haki. Akasimama karibu na geti, bunduki mkononi, mtutu umeelekea chini. Mbao za kupandia zilikuwa zimewekwa na kufunikwa udongo, kazi yangu. Nilikuwa nimempiga burashi ya katani mpaka anang'aa, nikamchokoa kwato zote nne, ingawa zilikuwa safi.

Elirehema akashika kamba. Wasiwasi alisogea hatua chache, akasimama, akageuza kichwa kunitafuta. Akaniona. Miguu ikagoma.

Mzee Chiwanga akanishika kiwiko. "Mpe mgongo."

"Nini?"

"Akikuona hamfuati yule. Geuka, mtani. Na usiimbe."

Nikageuka. Mbele yangu ilikuwa senyenge, na nyuma yake mbuga tupu na mbuzi wa mtu. King'ora kikalia. Sululu zikanyamaza. Nikasikia sauti ya Elirehema ikianza, mbovu, sauti ya tatu ya mtu wa nyuma, maneno yamevunjika, mvivu amefika shambani na mpini. Nawaambia ukweli, sehemu moja ya mwili wangu ilitaka farasi asitii. Nilitaka anililie, akatae mtu huyu asiyejua hata kutamka, dunia yote ione kwamba farasi huyu ni wangu. Na nilijua bunduki iko wapi. Nikapumua. Jembe chini, pumzi nje. Nikapumua hivyo, mdomo umefungwa, naangalia mbuzi.

Kwato zikagonga ubao. Zikasimama. Zikagonga tena.

Baruti ikapiga, ardhi ikatikisika ndani ya viatu vyangu, na wimbo haukukatika. Ulikuwa umehama, sasa unatoka juu, ndani ya lori. Nikasikia mlango wa nyuma unafungwa na pini ya chuma inaingia mahali pake. Sajini akakohoa, akasema "Vizuri," akaenda zake na bunduki yake.

Lori likawaka, likageuza, likatoka getini. Wimbo niliusikia kwa muda juu ya injini, kisha nikasikia injini tu, kisha mbuzi.

Mnajua watani. Hata msibani mtani anakuja kukucheka ukiwa unalia, hiyo ndiyo kazi yake. Nilimsubiri Mzee Chiwanga aseme neno, aniite mkamua meza, aniambie mke mdogo ametoroshwa na Mmeru. Hakusema. Alisimama kando yangu akilitazama lori kwa niaba yangu.

"Unaweza kugeuka sasa," akasema. "Limeshapita Maganzo."

Nikamwambia bado.